Misuli, mafuta na miguu ya mzee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wazee wa Dar es Salaam, na kwa watoto na wajukuu wanaoishi nao. Maswali mengi hapa huletwa na watoto baada ya mzee kuanguka mara ya kwanza. Tungependa yaje mapema zaidi, mzee akiwa bado anasimama.

Mama yangu ana kilo 92 na nguo zinambana. Inawezekanaje misuli yake iwe imepungua?

Mizani hupima vyote kwa pamoja: mafuta, misuli, mifupa na maji. Haikwambii kipi kimeongezeka na kipi kimepungua. Kuanzia kwenye miaka ya thelathini, mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na baada ya miaka 60 kasi inaongezeka. Katika miaka hiyohiyo mafuta huwa yanajaa, hasa tumboni. Basi kilo zinabaki palepale, au zinapanda, na familia inafurahi kwamba mama "ana afya". Kumbe mapaja na makalio yamebaki na umbo tu, nguvu imeondoka.

Kupungukiwa misuli uzeeni kunaitwa sarkopenia, jina lililotolewa mwaka 1989 na Irwin Rosenberg wa Marekani. Sarkopenia ikikutana na unene, hali inakuwa nzito kuliko kila moja ikiwa peke yake, maana mwili una mzigo mkubwa na wa kuubeba ni wachache. Na ndiyo hali inayopita bila kuonekana hapa mjini. Mzee aliyekonda kila mtu anamwona na kumpikia uji. Mzee mnene hakuna anayemuuliza kitu, mpaka siku aanguke.

Mtazame mama anavyonyanyuka kwenye kochi. Akisogea mpaka ukingoni, akaegemeza mikono miwili kwenye magoti, akajirusha mara mbili tatu ndipo ainuke, hilo linakupa habari kuliko mizani.

Mafuta yanahusianaje na kuyumba?

Kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni mahali uzito ulipo. Kitambi huvuta mwili kwenda mbele, na ili usianguke kifudifudi, vigimbi na misuli ya mgongo inabidi ivute nyuma muda wote umesimama. Ni sawa na kubeba ndoo ya maji kifuani badala ya kichwani: ndoo ni ileile, lakini unachoka upesi na jiwe dogo tu linakuangusha.

Ya pili iko ndani ya msuli wenyewe. Mafuta hayakai chini ya ngozi tu, huingia pia katikati ya nyuzi za misuli. Paja linaweza kuwa nene vilevile, ila sehemu ya unene huo haivuti kitu. Tena mafuta ya tumboni hutoa kemikali zinazochochea uvimbe wa chinichini mwilini, na uvimbe huo hudhoofisha misuli. Kwa hiyo mafuta mengi yanasaidia misuli kupungua, na misuli ikipungua mtu anatembea kidogo, akitembea kidogo mafuta yanaongezeka.

Halafu kuna nyayo. Miguu inayobeba uzito mkubwa kwa miaka huwa haihisi ardhi vizuri, na mwenye tumbo kubwa haoni vidole vyake anaposhuka ngazi.

Zamani alikuwa anajikwaa na kujishika. Kwa nini sasa anakwenda chini moja kwa moja?

Kujishika ni kazi ya haraka mno. Ukijikwaa, mguu mwingine unatakiwa urushwe mbele na ukanyage kwa nguvu kabla mwili haujapita. Una sehemu ya sekunde tu. Kazi hiyo hufanywa na nyuzi za misuli zinazojikunja upesi, na hizo ndizo zinazosinyaa zaidi umri ukienda. Nyuzi za polepole, zile za kusimama na kutembea taratibu, hudumu zaidi. Ndiyo maana baba anaweza kutembea kutoka nyumbani mpaka msikitini bila shida, lakini konda akipiga bodi na daladala ikaondoka kabla hajakaa, anaanguka. Nguvu ya kutembea anayo. Nguvu ya ghafla ndiyo hana.

Tena nguvu hupungua haraka kuliko ukubwa wa msuli. Usingoje uone miguu imekonda.

Si ni uzee tu? Kuna cha kufanya kweli?

Kipo, hata kwa mwenye miaka 90. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake huko Boston waliwafundisha wazee wa miaka 86 hadi 96, waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8 nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao wakaacha kutumia fimbo. Msuli wa mzee bado unasikia ukiambiwa.

Nitampimaje nyumbani?

Chukua saa ya simu. Mtu mmoja asimame karibu na mzee muda wote, tayari kumdaka.

Kipimo cha kwanza ni kiti. Mzee akae, akunje mikono kifuani, asimame wima na kukaa mara 5 mfululizo bila kushika kitu. Akitumia zaidi ya sekunde 15, au akishindwa kabisa, nguvu za miguu ni ndogo. Angalizo kuhusu viti vyetu vya plastiki: miguu yake hujipinda na kuteleza kwenye vigae mtu anapojisukuma, na vikishachakaa hupasuka. Tumia kiti cha mbao au cha chuma, mgongo wa kiti ukiegemea ukuta.

Cha pili ni mwendo. Pima mita 4 sakafuni, mzee atembee kwa mwendo wake wa kila siku. Akitumia sekunde 5 au zaidi, mwendo umeshuka.

Cha tatu ni kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, karibu na ukuta. Asipofikisha sekunde 10 bila kuyumba, hatari ya kuanguka iko juu.

Futi kamba ya fundi cherehani ni nzuri kwa kiuno. Zaidi ya sentimita 102 kwa mwanamume au 88 kwa mwanamke ni mafuta mengi ya tumboni. Lakini usiitumie kupima misuli ya mguu wa mtu mnene au aliyevimba miguu, itakudanganya.

Tumemwekea dada wa kazi, hafanyi kitu chochote. Tunamtunza vizuri?

Hapa tunaomba msikilize, maana tunajua jambo hili linafanywa kwa mapenzi. Kwetu mzazi akizeeka anakalishwa. Maji analetewa, chakula analetewa, akitaka kusimama watu watatu wanaruka: "Kaa mama, kaa, nikuchukulie nini?" Anaketi barazani asubuhi, anahamishiwa kochini kwenye runinga jioni. Watoto wanajisikia wametimiza wajibu, na majirani wanawasifu.

Misuli haijui heshima. Inajua kazi tu, na isipopewa kazi mwili unaiondoa. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2007 nchini Marekani, wazee wenye afya nzuri walilazwa kitandani siku 10 bila ugonjwa wowote. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Siku 10 tu! Mzee anayekaa kutwa hapotezi kwa kasi hiyo, lakini anapoteza, na yeye anakaa miaka.

Mrudishieni kazi zake. Achambue mchele akiwa amesimama mezani, aanike nguo nyepesi, afuate maji yake ya kunywa jikoni, afungue geti mgeni akibisha. Dada wa kazi awe karibu, asiwe badala yake. Mama aliyelea watoto saba na kuuza vitumbua miaka ishirini hafurahii kufanywa mgeni nyumbani kwake. Mkimuuliza kwa adabu atawaambia mwenyewe.

Afanye mazoezi gani?

Mazoezi ya nguvu kwanza, kisha ya usawa wa mwili, siku 3 kwa wiki, siku moja ya mapumziko katikati. Hayahitaji jimu.

Zoezi mama ni kukaa na kusimama. Kiti kile kile cha kupimia. Asimame, kisha akae polepole akihesabu moja, mbili, tatu. Huko kushuka taratibu ndiko kunakojenga, na wengi hujibwaga. Mara 8 hadi 12, apumzike dakika mbili, arudie. Asiyeweza aanze na mto mmoja au miwili juu ya kiti. Wiki zikipita ondoa mto. Ikishakuwa rahisi, akumbatie kifuani pakiti ya sukari ya kilo moja, baadaye mbili. Zoezi lisipoongezwa ugumu, misuli nayo haiongezeki. Kama mzee anamaliza raundi zote huku anapiga soga, ni jepesi mno.

La pili ni kuinua visigino, mikono ikigusa ukuta au meza nzito. Apande kwenye vidole, abaki kidogo, ashuke taratibu. Hili ni la vigimbi, na vigimbi ndivyo vinavyozuia mwili usidondoke mbele. La tatu ni kutembea kiubavu kando ya ukuta, hatua 10 kwenda na 10 kurudi, kwa ajili ya misuli ya nyonga. Wazee wengi huanguka kwa ubavu, na kuanguka kwa ubavu ndiko kunakovunja nyonga.

Amalizie na usawa: asimame miguu ikiwa pamoja, kisha mmoja nusu mbele ya mwingine, kisha mstari mmoja, mwisho mguu mmoja juu. Kila hatua sekunde 10 hadi 30, jikoni penye kona ya kushika pande mbili. Asifumbe macho akiwa peke yake.

Dar kuna joto. Afanye kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na maji yawe karibu. Maumivu ya misuli kesho yake ni kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi si kawaida, aache na apelekwe hospitali. Presha ikisoma 180/110 au zaidi siku hiyo, mazoezi yasubiri na daktari aonwe.

Anatembea kila asubuhi. Haitoshi?

Kutembea ni kuzuri kwa moyo, sukari na akili, asiache. Ila kwa kuzuia kuanguka peke yake hakutoshi. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za dunia uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa wazee kwa asilimia 23, na yaliyofanya kazi hiyo hasa ni ya usawa na ya vitendo vya kila siku kama kusimama na kupanda. Zile klabu za jogging za Jumamosi mtaani kwenu zikikubali kumpa mzee dakika ishirini za zoezi la kiti kabla ya kuondoka, zitakuwa zimefanya jambo kubwa.

Baba ameanza kuswali kwenye kiti. Ni sawa kwa miguu yake?

Ruhusa ya kuswali umekaa kwa mwenye udhuru ipo, na masheikh ndio wa kuisemea. Kwa upande wa misuli tuseme hivi: swala tano zina rakaa 17 kwa siku, na kila rakaa ina kuinama, kwenda chini na kuinuka. Mzee aliyefanya hivyo maisha yake yote anapoacha ghafla, miguu inapoteza mazoezi ambayo hakuna aliyeyahesabu. Kama ni goti linalouma, goti hutibika au hupunguziwa maumivu. Kama ni udhaifu, zoezi la kiti hapo juu linaweza kumrudisha mkekani, kwanza akiwa na stuli imara pembeni ya kushika anapoinuka. Vivyo hivyo kwa Mkristo aliyeacha kupiga magoti, na kwa yeyote aliyeshindwa choo cha kuchuchumaa.

Ale nini? Supu ya kongoro inajenga misuli?

Supu ya kongoro ni tamu na ina joto lake asubuhi, lakini protini iliyomo ni ya ngozi na kano zaidi, na ina upungufu wa leusini, kiungo kinachoamsha ujenzi wa misuli. Mifupa iliyochemshwa haitoi misuli. Nyama, samaki, mayai, maziwa na jamii ya kunde ndivyo vinavyotoa.

Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 70 atafute gramu 70 hadi 84. Sasa angalia siku ya kawaida: chai ya rangi na vitumbua, mchana ugali na mchicha na kipande cha samaki, usiku chai tena na mkate kwa sababu "usiku sili kitu kizito". Protini nyingi ya siku iko kwenye kile kipande cha mchana, na mara nyingi bibi amemmegea mjukuu nusu.

Yai moja lina kama gramu 6. Glasi ya maziwa, kama 8. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa, 8 au 9. Samaki aliyepikwa wa uzito huohuo ana 20 na zaidi. Dagaa wakavu ni zaidi ya nusu protini, bei yao bado inashikika kuliko nyama, na wakisagwa unga hata asiye na meno anawala kwenye uji au mchicha. Gawanya mlo mara tatu: asubuhi mayai mawili au kiporo cha maharage, mchana samaki au dagaa, jioni kunde, choroko au maziwa mgando. Kinachotakiwa kupungua ni sukari kwenye chai, soda, na mlima wa wali.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuongea na daktari wake.

Basi apunguze mwili haraka?

Haraka, hapana. Anayepungua kwa kujinyima chakula peke yake hupoteza misuli pamoja na mafuta, na uzeeni misuli hiyo hairudi kirahisi. Kilo zikirudi, hurudi nyingi zikiwa mafuta. Mwaka 2011 ulitolewa utafiti wa Marekani uliofuata wazee wanene 107 kwa mwaka mzima. Waliopunguza chakula tu walipoteza asilimia 5 ya mwili usio mafuta. Waliopunguza chakula na kufanya mazoezi walipoteza asilimia 3, na hao wa mwisho ndio waliopata nafuu kubwa kuliko wote katika kutembea na kufanya shughuli.

Kwa hiyo anza na mazoezi na protini, halafu punguza wanga na sukari taratibu. Chai za kukata tumbo na vidonge vinavyouzwa mitandaoni na kwenye mabasi tunawasihi msimpe mzee. Nyingi humharisha na kumkojoza, na mzee aliyeishiwa maji anaanguka akitoka tu kitandani.

Lakini akianguka, mafuta si yanamkinga?

Kwa nyonga, kiasi. Wazee wanene huvunjika nyonga mara chache kuliko waliokonda. Lakini huvunjika zaidi kifundo cha mguu na mkono wa juu, huanguka mara nyingi zaidi, na kumwinua mtu wa kilo 100 sakafuni bafuni si kazi ya mjukuu mmoja.

Ana sukari na presha. Dawa zinahusika?

Mara nyingi sana. Sukari ya miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni: ganzi, miguu kuwaka moto, ndala kuvuka mguuni bila mwenyewe kujua. Misuli ikiwa dhaifu na nyayo hazihisi, mzee anabaki na macho tu ya kumweka wima, ndipo umeme ukikatika anaanguka. Dawa za presha, hasa za kukojoa, zinaweza kushusha presha ghafla anaposimama. Akae ukingoni mwa kitanda dakika moja kwanza. Dawa za usingizi nazo ni hatari sana kwa kuanguka. Asiache dawa yoyote mwenyewe. Beba maboksi yote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za kienyeji, mwonyeshe daktari.

Nyumbani turekebishe nini?

Anza na ndala. Geuza ndala za mzee uangalie chini: soli imelika kisigino mpaka laini, na kamba imelegea. Hizo kwenye vigae vyenye maji ya sabuni ndizo zinazoangusha watu. Mnunulie kiatu chepesi chenye mkanda nyuma. Bafuni weka mpira usioteleza na chuma cha kushika kilichofungwa ukutani na fundi. Bomba la maji si la kushika. Taa ya kuchaji iwe mkono wake unapofika usiku. Kanga au kitenge anachoburuza kifupishwe.

Bakora itamfanya aonekane mgonjwa?

Itamfanya afike. Urefu wake: mzee asimame na viatu, mikono ikining'inia, kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ashike kwa mkono wa upande wa mguu wenye nguvu.

Ameanguka. Tufanyeje, na tumpeleke wapi?

Msimvute kwa mikono. Muulizeni kwanza panapouma. Kama mguu mmoja umekuwa mfupi au umepinda nje, au hawezi kuukanyagia, msimsimamishe. Mlazeni mahali tambarare na mtafute gari la kumlaza, si bajaji wala boda. Akigonga kichwa, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hata kama anaongea vizuri, na mmwangalie kwa kutapika, usingizi usio wa kawaida au maneno kuchanganyika.

Kama hana maumivu na anaweza, ageuke ubavu, apige magoti na mikono, atambae hadi kwenye kiti imara, aweke mikono juu ya kiti, asimamishe mguu wenye nguvu na ajisukume. Mfundisheni hili akiwa mzima.

Kwa kuyumba bila dharura, anzieni zahanati au kituo cha afya cha karibu, mkaombe rufaa kwenda hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, mahali pa kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, yule watu wanayemwita daktari wa mazoezi. Mivunjiko mikubwa hupelekwa Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, kwa hiyo bebeni kitambulisho chake na muulizie dirisha la wazee mkifika. Mwambieni daktari ameanguka mara ngapi mwaka huu, wapi, saa ngapi, na alikuwa anafanya nini. Hata kama hakuumia.